Kabla ya rangi ya bati, pima mwinamo na mbao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaojiandaa kuezeka nyumba mpya au kubadilisha paa lililochoka. Matangazo ya mabati na vigae huonyesha rangi, hutaja bei ya kipande na kuahidi miaka. Mnunuzi akifika dukani anauliza rangi, anauliza geji, yaani namba ya unene wa bati, analipa. Mambo hayo mawili hayamwambii kama paa litadumu. Uimara wa paa unaanzia mbali na duka: kwenye mwinamo wa mbao, nguvu ya kuta, hewa inayoizunguka nyumba, na namna kifaa kitakavyoshikwa kule juu. Anayeanza na hayo ataona orodha ndefu ya vifaa inajipunguza yenyewe hadi vibaki viwili au vitatu, na hapo achague rangi aipendayo.

Nianze na mwinamo, kwa sababu ndio unaokataa vifaa vingi. Chukua pima maji ya mita 1, weka ncha moja juu ya mbao ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inyanyue ncha ya pili mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima kwa futi ya utepe umbali kutoka ncha hiyo kushuka hadi kwenye mbao. Ukipata sentimita 17.6 paa lako lina nyuzi 10. Sentimita 26.8 ni nyuzi 15, 41.4 ni nyuzi 22.5, 57.7 ni nyuzi 30, na mita kamili ni nyuzi 45. Bati la mawimbi madogo lisiezekwe chini ya nyuzi 10, na likipewa 15 linatulia zaidi. Bati la migongo mirefu ya pembe linaweza kushuka hadi nyuzi 5 au 6 kwa sababu maji hukimbia kwenye bonde pana bila kufikia maungio yaliyo juu ya mgongo. Vigae vingi vya saruji hutaka nyuzi 17.5 hadi 22.5 kwenda juu kutegemea umbo lake, na vigae bapa vya udongo hutaka 35. Makuti na nyasi chini ya 45 huoza kabla ya wakati, kwa kuwa maji yanazama ndani badala ya kuteleza juu.

Mwinamo ukipungua kuliko kifaa kinavyotaka, maji hayakimbii. Yanasimama pale bati moja linapolala juu ya jingine, na kwa kuwa nafasi kati yao ni nyembamba sana, yanapanda yenyewe kwenda juu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Upepo ukisaidia kidogo, yako ndani. Wengi wakiona tone hupaka lami au silikoni kwa nje. Tone linakoma msimu mmoja, lakini maji yaliyokwisha kuingia kati ya mabati mawili sasa hayana pa kutokea, na kutu inakula kutoka katikati ambako hakuna anayeona. Kama mwinamo ni mdogo na huwezi kubadilisha kenchi, acha vigae, chukua bati la migongo mirefu lililokatwa kwa urefu kamili kutoka mgongo wa paa, yaani kilele chake, hadi kwenye upenu, lisiwe na kiungo hata kimoja katikati.

Pili ni uzito. Vigae vya saruji vina uzito wa takriban kilo 45 kwa mita moja ya mraba, na vya udongo vingi viko karibu na hapo au juu zaidi. Vigae vya chuma vilivyonyunyiziwa chembe za mawe ni kilo 6 au 7. Bati la kawaida la milimita 0.4 ni kilo 4 hivi. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 8 yenye upenu wa sentimita 60 kila upande na paa la pande mbili lenye nyuzi 25. Kwa chini, paa linafunika mita 13.2 kwa 9.2, yaani mita za mraba 121.4. Kwa kuwa limeinama, zidisha kwa 1.103, upate 134. Likiezekwa vigae vya saruji, kenchi na kuta zinabeba tani 6. Likiezekwa bati, hazifiki kilo 600. Kwa hiyo anayetaka kuezua bati na kuweka vigae kwenye kenchi zilezile anataka mbao zake zibebe mzigo mara kumi ya ule zilizopangiwa. Hazivunjiki siku ya kwanza. Mbao inapinda taratibu kwa miaka, mgongo wa paa unaingia tumbo, vigae vinaachana, na mvua inafuata. Badiliko hilo lisifanywe bila mhandisi kupiga hesabu ya kenchi na kuta.

Kabla ya kupanga lolote juu ya mbao za zamani, zikague. Funga uzi kutoka mwisho mmoja wa mgongo hadi mwingine na uvute ukaze: nafasi inayojitokeza kati ya uzi na mbao ndiyo tumbo lenyewe. Panda darini na bisibisi, uchome kila mbao pale inapokutana na ukuta, chini ya mabonde ya paa, na kuzunguka kila bomba. Bisibisi ikizama kama kidole kwenye udongo mbichi, mbao hiyo imekwisha, hata kama nje inang'aa. Mchwa huacha ganda la nje likiwa zima, kwa hiyo gonga pia na usikilize.

Uzito mdogo nao una deni lake, na deni hilo ni la upepo. Upepo unaopita juu ya paa hauligandamizi tu, unalivuta juu, hasa kwenye pembe, kwenye upenu na karibu na mgongo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una msukumo wa takriban kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na kwenye pembe mvuto unaweza kukaribia mara mbili yake. Bati la kilo 4 haliwezi kujikalia lenyewe hapo. Linashikwa na skrubu, skrubu inashikwa na papi, yaani mbao zinazolazwa kukatiza juu ya kenchi, papi na kenchi, kenchi na mbao ya ukutani, na mbao ya ukutani inashikwa na ukuta. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, ndicho kitakachoamua. Nyumba nyingi zilizoezuliwa na upepo hukutwa mabati yake yakiwa bado yamepigiliwa vizuri kwenye papi: papi ndizo zilizong'oka kwenye kenchi, kwa kuwa zilishikwa kwa msumari mmoja uliopigwa wima kutoka juu. Msumari wa namna hiyo unavutwa kwa njia ileile ulioingilia. Papi ishikwe kwa misumari miwili iliyopigwa kwa kuinamishwa, kila mmoja upande wake, na kwenye upenu na pembe iongezwe mkanda wa chuma unaoizunguka. Kenchi nayo ishikwe kwa mkanda uliozamishwa kwenye zege la juu ya ukuta wakati wa kumwaga. Kuutafutia mkanda huo mahali baada ya zege kukauka ni kazi ngumu na dhaifu.

Vigae havipai vyote kwa pamoja, uzito unavisaidia. Ila kimoja kimoja cha pembeni huchomoka. Vya upenuni, vya kingo za kuta na vilivyopakana na mgongo vipigiliwe au vifungwe kila kimoja, si kimoja kwa kuruka vitatu.

Sasa geji, Mhariri, na hapa naomba wasomaji wako watulie. Geji ni namba inayokwenda kinyume, ikipanda bati linapungua unene, na haina maana moja. Bati la zinki la geji 30 kwa kipimo cha Marekani lina unene wa milimita 0.40. Geji 30 ileile kwa vipimo vya zamani vya Uingereza ni kati ya 0.30 na 0.32. Tofauti hiyo hukaribia robo ya bati. Uliza milimita, na ukishaambiwa uulize swali la pili: milimita za chuma kitupu, au za chuma pamoja na zinki na rangi? Zinki nzuri pande zote mbili ni milimita 0.04. Rangi ya juu na ya chini kwa pamoja hufika 0.03. Bati lililoandikwa 0.30 likiwa limejumlisha vyote hivyo lina chuma cha 0.23, na chuma ndicho kinachobeba fundi anapokanyaga.

Asiye na maikromita atumie mizani. Pima urefu wa bati kwa mita. Pima upana wake kwa utepe laini unaofuata mawimbi yote, juu na chini, ili upate upana wa bati kabla halijakunjwa. Zidisha urefu kwa upana huo, kisha kwa unene wa milimita ulioambiwa, kisha kwa 7.85. Jibu ni kilo. Bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 91.4 kabla ya kukunjwa na unene wa 0.40 linapaswa kuwa na kilo 8.6. La 0.30 lina kilo 6.5. Pima kumi kwa pamoja ili mizani isikudanganye kwa gramu. Muuzaji mwaminifu hakatai kupimiwa, na duka likikataa, ondoka.

Unene ukishajulikana, kuna zinki. Zinki hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa jumla. Alama ya Z275 ni gramu 275, takriban maikroni 20 kila upande (maikroni 1,000 ni milimita 1). Z100 ni maikroni 7. Kwa kuwa zinki huliwa na hewa kwa kasi isiyobadilika sana mwaka hadi mwaka, bati la Z275 linaishi karibu mara tatu ya lile la Z100 mahali palepale, hata kama yote mawili yana rangi moja na yanang'aa sawasawa siku ya kununua. Katika hewa yenye ukali wa kati zinki hupoteza chini kidogo ya maikroni 1 hadi 2 kwa mwaka. Penye chumvi ya bahari ni 2 hadi 4, na penye mawimbi yanayopiga karibu inazidi hapo. Gawanya mwenyewe uone bati la Z100 litafika wapi.

Bati lenye mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki asilimia 43.4, pamoja na silikoni kidogo, huandikwa AZ. AZ150 ina gramu 150 tu, lakini kwa kuwa alumini ni nyepesi, unene wake ni maikroni 20 uleule, na kwa kawaida huliwa polepole kuliko zinki tupu. Lina maadui zake. Saruji mbichi na chokaa hulila, kwa hiyo usizibe kando ya ukuta kwa udongo wa saruji uliomwagwa juu yake. Hewa ya mkojo wa mifugo hulila pia, basi si bati la banda la ng'ombe au kuku. Na usiliandikie kwa penseli ya kawaida: grafiti iliyomo ndani ya penseli huanzisha kutu, na baada ya muda mstari wa fundi husomeka juu ya paa kama jeraha. Tumia kalamu ya wino.

Kwenye chumvi nyingi, alumini tupu ni chaguo la busara, ila ifungwe kwa uangalifu. Hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kipande cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 50 zaidi, kinarefuka milimita 7, wakati chuma kinarefuka 3 na nusu. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu yenyewe, na alumini isiguse shaba wala mbao zilizotiwa dawa ya shaba. Maji yanayotoka kwenye shaba yasidondokee alumini wala zinki. Na iwe ni bati gani, sehemu ya kwanza kuoza karibu na bahari huwa ni chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki kuosha chumvi. Pamwagie maji safi mara chache kwa mwaka.

Vigae nitavipitia kwa haraka. Cha udongo kining'inize kwa vidole viwili ukigonge kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Kilichoiva vizuri hulia kwa sauti kali inayodumu. Chenye ufa au kilichoiva nusu hutoa sauti iliyokufa, na hicho hunywa maji, kinazidi uzito, kinaota kuvu. Cha saruji chenye urefu wa milimita 420 kitalala juu ya mwenzake angalau milimita 75, kwa hiyo papi zake zisizidi milimita 345 kati ya moja na nyingine, na kwa mwinamo mdogo zibane hadi 320. Mita moja ya mraba hula vigae 10 hivi. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, na ubakize vichache nyumbani, maana kiwandani umbo hubadilika na cha miaka kumi ijayo huenda kisikae sawa na chako.

Turudi kwenye nyumba yetu ya mita 12 kwa 8 tuihesabie bati la mawimbi. Urefu wa mteremko kutoka mgongoni hadi ukingo wa upenu ni mita 5.08. Ongeza sentimita 5 za kuingia kwenye gata, yaani mfereji wa maji ya mvua, upate 5.13. Bati la upana wa sentimita 91.4 likishakunjwa na kupandana na jirani yake hufunika sentimita 76.2 tu, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa kugawa kwa upana wa bati zima. Mita 13.2 ukigawa kwa 0.762 ni 17.3, yaani safu 18 kila upande, safu 36 kwa paa lote. Ukinunua mabati mawili ya mita 3 kwa kila safu na kuyapandisha sentimita 20, unapata mita 5.8, na sentimita 67 za kila safu zinakuwa chakavu. Safu 36 zinakutupia mita 24 za bati. Ukichanganya moja la mita 3 na moja la mita 2.5, unapata 5.3, na mabaki yanashuka hadi mita 6 kwa nyumba nzima. Kiwandani wakikukatia mita 5.15 kamili, hupotezi karibu kitu na kiungo cha katikati kimetoweka.

Papi zikae mita 0.9 kati ya moja na nyingine kwa bati la 0.4, kwa hiyo ni saba kila upande, jumla mita 185, na ukiongeza za kuunganishia na za kukatwa ni kama 205. Bati jembamba kuliko hilo linataka papi za karibu zaidi, hivyo kile ulichookoa kwenye bati unakilipa kwenye mbao. Skrubu tano kwa kila bati kwenye papi ya upenu, ya mgongo na ya kiungo, nne kwenye papi za katikati: 31 kwa safu, 1,116 kwa paa, na pamoja na za kofia, yaani bati la kufunika mgongo wa paa, nunua 1,250. Kofia za mita 2.4 zikipandana sentimita 15 zinatosha sita.

Kabla ya bati la kwanza kupanda, pima ulalo wa kila upande wa paa kutoka pembe hadi pembe. Kwa vipimo hivi uwe mita 14.14 kwa njia zote mbili. Ukitofautiana kwa sentimita 3 au 4, rekebisha papi, kwa sababu mabati hayarekebishi: safu ya kumi utaanza kuona meno ya msumeno kwenye upenu. Anza kuezeka upande ule ambao upepo wa mvua hauji, ili kila bati linalofuata lifunike lililotangulia na mdomo wa maungio uupe upepo kisogo.

Bati la mawimbi hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni. Skrubu ya milimita 65 yenye washa ya mpira hupita kwenye wimbi na kuingia mbao zaidi ya milimita 40, na inatosha. Ikazwe mpaka mpira ujitokeze kidogo tu kuzunguka kofia ya chuma. Mpira ukifura na kupasuka, au bati likibonyea, umetengeneza kisima kidogo kinachonywesha tundu kila mvua inaponyesha. Ikilegea, bati linacheza na upepo na tundu linapanuka. Misumari ya bati ni ya bei nafuu, lakini joto la mchana na baridi ya usiku huitoa nje kidogo kidogo, na baada ya miaka michache utaona vichwa vimeinuka. Kwa paa la kudumu ningesema skrubu bila kusita.

Usiruhusu grainda ipande juu ya paa. Cheche zake huunguza zinki na rangi kando ya mkato, na vumbi lake la chuma hutawanyika juu ya mabati mapya. Asubuhi yake utaona madoa mekundu kila mahali na utadhani umeuziwa bati bovu. Mkasi wa bati unatosha, na vipande vya chuma vifagiliwe jioni ileile. Mabati yaliyorundikwa chini yakapata maji katikati yake huota unga mweupe ndani ya siku chache, na unga huo ni zinki yako inayokwenda. Yainue juu ya mbao, yainamishe, yafunike lakini yapate hewa.

Bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana kwa ndani, lina maji ya pande mbili na majani ya miti yote. Kila bonde ni mbao zaidi, bati la kukatwa pembe zaidi na mahali pa kuvuja zaidi. Nyumba ileile kwa paa la pande mbili lisilo na bonde huezekwa kwa siku chache na haisumbui. Anayepewa ramani yenye mabonde sita amuulize mchoraji yanafanya kazi gani.

Joto na kelele havitatuliwi na bati peke yake. Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya jua, rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea hurudisha kidogo sana. Chini ya bati weka karatasi ya alumini, lakini uso wake unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5. Ikigusa bati au dari, inageuka kuwa kipitishio cha joto. Hewa ya darini ipate mlango: matundu kwenye upenu na mengine karibu na mgongo, yote yawe na wavu wa kuzuia ndege na popo. Kwa dari ya mita za mraba 96, jumla ya matundu yasipungue mita ya mraba 0.32, na 0.64 ni bora zaidi, nusu chini na nusu juu. Matundu hayo yanaondoa pia jasho la bati. Usiku bati linapoa, mvuke wa jikoni na wa pumzi unageuka matone chini yake na kudondoka alfajiri. Ukiona dari imelowa asubuhi ambayo mvua haikunyesha, usimlaumu aliyeezeka, fungua hewa.

Anayekusudia kuweka paneli za sola ajue kwamba nyingi hukaa miaka 25. Zikiwekwa juu ya bati la miaka kumi, siku moja atalipa kuzishusha na kuzipandisha tena. Na anayevuna maji ya mvua ahesabu eneo la chini, si la mteremko: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 20 kwenye nyumba yetu ni lita 2,400, na ukitoa zinazorukia nje na za kuoshea paa zinabaki kama 2,000. Gata lishuke milimita 5 kwa kila mita. Madini ya risasi yasitumike kuziba maungio ya paa ambalo maji yake yananywewa.

Paa la zamani la kijivu, zito, la mawimbi makubwa, hasa kwenye majengo ya karne iliyopita, linaweza kuwa la asbesto. Usilikate, usilipige brashi, usilioshe kwa maji ya msukumo mkubwa, usilivunje ili liingie kwenye lori. Nyuzi zake haziwezi kuonekana hewani, na saratani inayoletwa nazo hujitokeza baada ya miongo. Vipande vipimwe maabara kwanza. Kuliondoa ni kazi ya waliofunzwa na wenye vifaa: hulowanishwa, hushushwa vikiwa vizima, hufungwa kwenye plastiki nene iliyoandikwa, na hupelekwa mahali palipotengwa kisheria. Bei ya fundi anayesema ataliangusha kwa siku moja kwa nyundo isikushawishi. Watoto wa jirani wanavuta hewa ileile.

Kwenye mkataba na fundi yaandikwe haya: unene wa chuma kwa milimita, gramu za zinki au AZ, umbali wa papi, aina na urefu wa skrubu, na kwamba sehemu ya malipo itabaki mpaka mvua mbili kubwa zipite. Siku ya kukabidhiwa, panda darini saa sita mchana, funga mlango wa dari, zima taa, kaa dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu lililokosewa litajionyesha kwa mwanga. Litie alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu kabla hujamlipa mtu salio lake. Baada ya mwaka mmoja, skrubu za upenuni na za pembe zikaguliwe tena, maana mbao zilizopigwa zikiwa na unyevu zimekwisha kukauka na kusinyaa, na nyingi zitahitaji kukazwa robo mzunguko.

Wako,
Fundi mwezekaji na msomaji wa gazeti lako